Moto Ulizimwa Usiku Uleule

Mwaka 1978 nilikuwa mwalimu wa Biolojia katika shule moja ya sekondari ya bweni, huko Nyanda za Juu Kusini. Umri wangu ulikuwa miaka 28, na kama ilivyo desturi ya waliotoka chuo cha ualimu juzi, nilidhani nimekwisha maliza kujifunza na kazi iliyobaki ni kufundisha. Somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa la vijidudu. Nilikuwa nikichemsha mchuzi wa nyama mbele ya darasa katika chupa mbili. Moja naiziba kwa pamba ingali ya moto, nyingine naiacha wazi. Baada ya siku nne wanafunzi wanapita mmoja mmoja kunusa. Kisha naandika ubaoni kwa herufi kubwa: MOTO HUUA VIJIDUDU. Nao wananakili.

Katika muhula wa pili wa mwaka ule, kijana mmoja wa kidato cha pili alikuwa akijisomea kwa kibatari baada ya jenereta kuzimwa. Mafuta ya taa tuliyouziwa yalikuwa yamechanganywa na petroli. Alipokuwa akikijaza kibatari bila kukizima, kikalipuka. Aliungua kifua, mkono wa kulia na upande mmoja wa shingo. Wenzake walimvingirisha blanketi la bwenini na moto ukazimika mara moja. Mpishi akaja na mafuta ya kupikia akampaka, mwingine akaleta dawa ya meno. Mwalimu wa zamu usiku ule nilikuwa mimi. Sikumzuia hata mmoja, wala sikujua kwamba lililotakiwa ni maji safi ya baridi tu, kwa dakika ishirini hivi, na nguo safi ya kumfunika.

Tulimfikisha hospitali kwa lori la shule kabla ya alfajiri. Siku za kwanza alikuwa na maumivu makali lakini alizungumza, alikunywa uji, na aliniuliza kama mtihani wa muhula ungemsubiri. Nilimwambia ungemsubiri. Siku ya sita bandeji zikaanza kubadilika rangi. Ilikuwa rangi ya kijani inayoelekea buluu, kama kutu ya sarafu ya shaba iliyookotwa kisimani. Ikaja na harufu ambayo mpaka leo naijua: haikuwa ya kuoza hasa, ilikuwa na utamu ndani yake, kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Halafu homa, halafu kuweweseka. Siku ya kumi na moja alifariki.

Mama yake alikuwa amelala sakafuni kando ya kitanda chake siku zote zile. Hakulia palepale. Alinigeukia akaniuliza, "Mwalimu, moto ulizimwa usiku uleule. Mwanangu ameuawa na nini?"

Nilimwambia kwamba ni mapenzi ya Mungu. Sisemi kwamba nilimdanganya, ila nasema kwamba alikuwa ameniuliza swali la Biolojia, na mimi nilikuwa mwalimu wa Biolojia.

Ilinichukua zaidi ya miaka thelathini kupata jibu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo, nikiri wazi, sikuwa nikilitafuta. Nilikuwa mkuu wa shule, nilikuwa na madawati, mahindi, ukaguzi na barua za wilaya. Mwaka 2011, nikiwa nimekwisha staafu, nilikwenda kumtembelea mwanafunzi wangu wa zamani ambaye ni mtaalamu wa maabara katika hospitali moja kubwa. Alinionyesha sahani ndogo ya kioo yenye mfuniko, ambamo walikuwa wameotesha kitu kilichopanguswa kwa pamba kutoka katika jeraha la moto. Sahani nzima ilikuwa na rangi ya kijani. Akainua mfuniko kidogo. Sikuhitaji kuambiwa kitu. Nilikaa chini kwenye kiti chake bila kukaribishwa.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za watu waliochunguza vijidudu vya majeraha ya moto, na nitakayoyaeleza hapa ni yale niliyoyaelewa.

Jambo la kwanza liliniumiza kwa sababu lilikuwa lilelile nililolifundisha. Moto huua vijidudu kweli. Ngozi iliyotoka kuungua huwa karibu safi kabisa, safi kuliko mkono wa anayeifunga bandeji. Mwaka 1935 daktari mmoja wa Glasgow, Robert Cruickshank, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake wa wagonjwa walioungua. Walipopokelewa hospitali ni wachache tu waliokuwa na kile kijidudu kibaya kiitwacho streptokokasi katika majeraha yao. Kabla ya wiki kwisha, wengi wao walikuwa nacho. Msomaji na atulie hapa kidogo. Watu waliletwa hospitali wakiwa hawana ugonjwa, wakaupata wakiwa kitandani.

Sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuacha chakula bila kukifunika. Ngozi iliyoungua ni nyama iliyokufa. Ina unyevu, ina protini, ina joto la mwili. Mishipa midogo ya damu iliyo ndani yake imeziba, kwa hiyo chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wetu, hazifiki pale, wala dawa iliyopigwa kwa sindano haifiki. Ilikuwa ni ile chupa yangu ya pili ya mchuzi, ile niliyoiacha wazi. Vijidudu vichache vilivyonusurika chini kabisa, katika mashina ya vinyweleo na tezi za jasho, huanza kupanda juu katika siku mbili za mwanzo. Katikati ya wiki au mwishoni mwake huja wageni kutoka nje, na wageni hao ndio wabaya zaidi.

Kuhusu ile rangi ya kijani, watu waliijua kabla hawajajua kijidudu chenyewe. Madaktari wa upasuaji wa zamani walikuwa wakiona bandeji zikigeuka rangi na hawakuelewa kwa nini. Mwaka 1882 mfamasia wa Kifaransa, Carle Gessard, alifanikiwa kukitenga na kukiotesha peke yake kijidudu kinachotoa rangi ile. Leo wataalamu hukiita Pseudomonas aeruginosa, nami nitakiita sudomonasi ili tusiumane ulimi. Makazi yake ni majini na mahali pa unyevunyevu: kwenye bomba, sinki, beseni, tambara la kudekia. Mtu mzima wa afya hakimdhuru. Ukikimeza leo, kesho utakwenda shambani kama kawaida. Kinachokitafuta ni mlango uliovunjika, na hakuna mlango uliovunjika kuliko ngozi iliyoungua.

Kati ya miaka ya 1920 na 1940 madaktari walipita katika kosa moja ambalo nadhani linafaa kukumbukwa. Mwaka 1925 Edward Davidson, daktari wa Detroit huko Marekani, alianza kutibu walioungua kwa tindikali ya tanini, ile iliyomo katika majani ya chai na magome ya kutengenezea ngozi za viatu. Jeraha lilikauka likafanya gamba gumu jeusi kama ukoko wa wali. Lilionekana safi, halikutoa maji, mgonjwa alipata nafuu ya maumivu, na dawa hiyo ikasambaa katika nchi nyingi. Ilipofika Vita Kuu ya Pili, marubani walipoanza kuungua nyuso na mikono, ikabainika kwamba chini ya ukoko ule vijidudu vilikuwa vikisitawi bila kuonekana, na tena tanini yenyewe ilikuwa ikidhuru ini. Ikaachwa. Nafikiria yule mpishi wetu na mafuta yake. Angalau yeye hakuwa na shahada.

Sasa niingie kwa mtu ambaye ndiye kiini cha habari hii. Leonard Colebrook alikuwa Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1883. Alilelewa kitaaluma katika Hospitali ya St Mary's, London, chini ya Almroth Wright, palepale alipofanya kazi Alexander Fleming wa penisilini. Miaka ya 1930 alishughulika na homa ya uzazi, ugonjwa uliokuwa ukiua akina mama siku chache baada ya kujifungua, na ambao husababishwa na streptokokasi. Mwaka 1936, yeye na Méave Kenny walitoa taarifa ya dawa mpya ya jamii ya salfa, Prontosil, na vifo vya akina mama wale vikapungua kwa kiasi ambacho hakikuwahi kuonekana. Lakini mimi navutiwa zaidi na dada yake. Dora Colebrook naye alikuwa mtaalamu wa vijidudu, na mwaka 1935 alionyesha kwamba mara nyingi streptokokasi iliyomuua mzazi ilitoka katika koo na pua za wale waliokuwa wakimhudumia. Mkunga mwenye mafua kidogo. Nesi aliyeinama na kuzungumza. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na Dora alikwenda kupima nguo.

Nadhani kaka mtu aliubeba ujuzi huo kwenda kwenye majeraha ya moto. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, alipewa kuongoza kitengo cha utafiti wa majeraha hayo huko Glasgow, na mwaka uliofuata kazi ikahamia Hospitali ya Ajali ya Birmingham. Alichokifanya pale kinaonekana kidogo ukikitaja, nacho kilikuwa kikubwa. Aliacha kuuliza dawa gani ipakwe kwenye jeraha, akauliza kijidudu kimepita njia gani mpaka kikafika. Waliweka sahani za kuoteshea wodini, wakahesabu. Wakati wodi imetulia, vijidudu hewani vilikuwa vichache. Mara tu blanketi likikung'utwa, au bandeji kuukuu ikifunguliwa, hesabu ilipanda juu sana. Bandeji iliyokauka, ikibanduliwa, hutawanya vumbi usiloliona, na vumbi lile hutua juu ya jeraha la jirani ambaye bandeji yake nayo iko wazi, akisubiri zamu yake.

Basi Colebrook akaamuru kwamba bandeji zisifunguliwe tena wodini. Mgonjwa apelekwe katika chumba maalumu, mmoja mmoja. Hewa ya chumba hicho iingizwe ikiwa imechujwa, isukumwe ndani ili ile ya nje isipenye. Mtu asiguse jeraha kwa vidole. Atumie vibanio vilivyochemshwa, na kila mgonjwa na vyake. Taarifa ya chumba hicho, aliyoiandika pamoja na R. B. Bourdillon, ilitoka mwaka 1946. Pamoja na hayo walitumia malhamu ya penisilini, na streptokokasi, ambayo ilikuwa ikiyeyusha hata ngozi iliyopandikizwa, ikarudi nyuma kwa mara ya kwanza.

Niliposoma habari za chumba kile, niliikumbuka wodi yetu ya 1978 kipande kwa kipande. Sitaitaja hospitali, maana waliokuwa pale walifanya kazi usiku na mchana kwa vifaa walivyopewa, na walivyopewa vilikuwa haba. Kitanda cha pili kutoka kwa kijana wetu alilala mtoto wa miaka mitatu hivi aliyemwagikiwa na uji. Bandeji za mtoto yule zilikuwa za kijani tangu siku tulipofika. Kila asubuhi nesi alipita na kigari chenye beseni moja la maji ya dawa na koleo moja. Alianza na mtoto, kisha akaja kwa kijana. Alikuwa mpole, na alikuwa peke yake. Alipofungua bandeji sisi tulikuwa tumekaa pale pale kitandani, walimu na wanafunzi, na blanketi tulilomletea lilikuwa lilelile la bwenini, kwa kuwa kulikuwa na baridi. Mama wa mtoto alipokwenda kuteka maji, mama wa kijana alimbeba mtoto yule, akamtuliza, akambadilisha nguo, kama ambavyo mama yeyote wa kwetu angefanya. Kisha alirudi kumlisha mwanawe.

Kijidudu kilichomuua kijana hakikuoteshwa na mtu yeyote. Nina rangi tu na harufu kuwa ushahidi. Kama mwanahistoria ningeambiwa ushahidi huo ni mwembamba, nami ningekubali. Kama mtu aliyekuwepo, sina shaka.

Turudi Birmingham. Streptokokasi ilipofukuzwa, nafasi yake ilichukuliwa na yule wa kijani, ambaye penisilini haimwambii kitu. Aliyepambana naye kwa muda mrefu alikuwa Edward Lowbury, aliyeanza kazi pale mwaka 1949. Baba yake, daktari, alimpa majina ya Joseph Lister, kwa heshima ya yule mwanzilishi wa upasuaji wa kutumia dawa za kuua vijidudu. Mzazi akimpa mtoto jina namna hiyo, mtoto ana kazi. Lowbury alikuwa pia mshairi mwenye vitabu, na wakati wa vita alikuwa daktari wa jeshi huku kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1954 alitoa matokeo ya jaribio la kulinganisha wagonjwa waliofungwa bandeji katika hewa iliyochujwa na wale waliofungwa katika hewa ya kawaida, na akaonyesha kwamba waliohudumiwa katika hewa iliyochujwa walipata sudomonasi kwa nadra zaidi. Baadaye alitumia miaka mingi kupima mikono: mikono ya wauguzi, mikono ya madaktari wa upasuaji, kabla ya kunawa na baada ya kunawa, kwa sabuni hii na kwa dawa ile. Ni kazi isiyo na sifa. Sidhani kuna mtoto anayesema akikua anataka kuhesabu vijidudu vya mikono ya watu.

Halafu likatokea jambo la mwaka 1969, ambalo naliona kuwa la ajabu kuliko yote. Miaka miwili kabla ilikuwa imetoka dawa mpya, kabenisilini, iliyoweza kumpiga sudomonasi. Wodi ya majeraha ya moto ya Birmingham ikaitumia, na wagonjwa wakapona. Mwaka 1969 ghafla wakaanza kuona sudomonasi asiyeishughulikia dawa ile hata kidogo. Lowbury na wenzake walipofuatilia, waligundua kwamba uwezo wa kuishinda dawa ulikuwa umehama kutoka kwa vijidudu vya jamii nyingine kabisa, kama klebsiela, ambao kwao ni matumboni. Ulipitishwa kwa kipande kidogo cha urithi, cha mviringo kama pete, kiitwacho plasmidi. Vijidudu hivyo si ndugu. Ni kama mwanafunzi wa shule yangu kumpitishia wa shule nyingine majibu ya mtihani juu ya ua, tena majibu ya mtihani ambao yeye mwenyewe bado hajapewa. Na mahali walipokutana ni juu ya mwili wa mtu aliyeungua, ambako walikuwa wamekusanywa pamoja kwa mamilioni na dawa ikiwachuja.

Walichofanya Birmingham ni kuisimamisha dawa ile. Walitoa taarifa mwaka 1972 kwamba vijidudu vyenye uwezo ule vilikuwa vimetoweka wodini. Zile plasmidi zenyewe zilisambazwa katika maabara za dunia na kuwa chombo cha kufundishia na kutafitia jinsi vijidudu vinavyopeana urithi. Mwaka 1994 ilichapishwa orodha kamili ya herufi zake za urithi, herufi 60,099. Hospitali ilikozaliwa ilifungwa mwaka 1993. Plasmidi ingali hai.

Wamarekani nao walikuwa na kazi yao, hasa katika kituo cha jeshi huko San Antonio, Texas. Carl Teplitz, mwaka 1964, alionyesha kwa kutumia panya jinsi sudomonasi anavyoshuka kutoka kwenye ngozi mfu hadi kwenye nyama iliyo hai, akizizunguka kuta za mishipa ya damu. Kutokana na kazi za kituo kile na nyingine zilizofuata, ikawa desturi kuhesabu vijidudu katika kipande cha nyama ya jeraha: vikizidi 100,000 kwa gramu moja, hatari imeingia. Zikaja dawa za fedha, ile fedha ya pete na bangili: maji ya naitrati ya fedha ya Carl Moyer mwaka 1965, na malhamu nyeupe ya salfadiazini ya fedha ya Charles Fox mwaka 1968, ambayo mpaka leo iko katika hospitali zetu nyingi, ingawa tafiti za karibuni zinaitilia shaka kwamba huchelewesha jeraha kufunga. Na huko Maribor, katika nchi ambayo sasa ni Slovenia, mwanamke mmoja daktari wa upasuaji, Zora Janžekovič, alianza miaka ya 1960 kufanya lililoonekana ukatili: kuikata ngozi iliyokufa katika siku chache za mwanzo, kabla wageni hawajaizoea, na kupandikiza palepale ngozi ya mgonjwa mwenyewe. Aliondoa mchuzi, mtu anaweza kusema, badala ya kugombana na kilichoota ndani yake. Njia yake ndiyo iliyoenea.

Hata hivyo narudi kwa Colebrook. Mtu yule alikuwa na chumba chenye hewa iliyochujwa, alikuwa na penisilini, alikuwa na jina. Bado alikuwa akiona watoto wakiletwa, wengi wao wakiwa wameungua majumbani, nguo za kulalia zikiwa zimeshika moto kwenye meko na majiko ya kupashia vyumba joto. Akaanza kuandika magazetini na kuwasumbua wabunge. Mwaka 1952 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba majiko ya kupashia nyumba joto yasiuzwe bila kizuizi cha kumkinga mtoto. Bingwa wa vijidudu akaishia kupigania waya wa chuma wa kuweka mbele ya jiko. Alifariki mwaka 1967.

Kwetu kibatari kimepungua sana, taa za jua zimefika hata vijijini, na ninashukuru. Lakini chungu cha uji bado kiko chini, kwenye mafiga, pale mtoto anapojifunza kutembea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 180,000 hufa kila mwaka kwa kuungua, na sehemu kubwa ni katika nchi maskini na zile za kipato cha kati. Wangapi kati yao huuawa na moto wenyewe, na wangapi na yale ya siku ya sita, hesabu hiyo haisemi.

Mwaka 2012 nilimtafuta yule mama. Nilimkuta hai, katika kijiji kilekile, akiwa na miaka zaidi ya sabini, macho yamefifia kidogo lakini akili nzima. Njiani nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa nimeamua nimweleze habari za beseni na koleo na hewa ya wodini, na niishie hapo. Habari ya mikono nilikusudia kuiacha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu." Alinitambua kwa sauti. Tulikaa chini ya mwembe wake, akauliza habari za nyumbani, za wajukuu, za mvua. Kisha nikamwambia kwamba aliwahi kuniuliza swali nami sikulijibu, na kwamba sasa nimekuja na jibu. Hakuniuliza ni swali gani.

Nilimweleza polepole, kama ninavyowaeleza wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kwamba moto uliacha kifua cha mwanawe kikiwa safi. Kwamba kuna kijidudu cha majini. Kwamba mtoto wa kitanda cha pili alikuwa nacho, na kwamba beseni lilikuwa moja. Alisikiliza bila kunikatisha. Nilipomaliza aliitazama mikono yake, akaigeuza viganja juu.

"Na mimi nilikuwa nikimbeba yule mtoto," alisema.

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa nimejiandaa kusema hapana.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Na mimi nilikaa kitandani na blanketi la bwenini. Na nesi alikuwa na koleo moja. Ilikuwa mikono yetu sote."

Alinyamaza muda mrefu. Kuku walipita. Kisha akauliza, "Yule mtoto wa uji, yeye alipona?"

Katika miaka yote ile, na katika yote niliyosoma, sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Nikamwambia kwamba sijui.

"Mama yake alikuwa mtu wa bonde la chini," alisema. "Alikuwa na huyo mmoja tu." Halafu akamwita mjukuu wake, akamwambia chakula kiko tayari, alete maji. Mtoto akaja na jagi na beseni na kipande cha sabuni, akaanza kunimiminia mimi kwanza, kwa kuwa nilikuwa mgeni.